Familia Iliyotoka Kwenye Betri

Majengo, Pumwani
Nairobi
21 Januari 2024

Dada Nangila,

Salamu zikufikie kabla vumbi la huko halijazifunika. Sisi tu wazima. Tunakula, tunagombana na majirani kidogo tu ili wasitusahau. Mke wangu Kasiva anakushukuru kwa nyama kavu uliyotuma kupitia Abdiqadir, dereva wa lori. Mimi nimeila, yeye ameisifu. Tumegawana kazi.

Pole na safari. Ndugu yako nimetembea dunia: Mombasa nimefika, Kampala nimefika, Juba nilikaa mpaka askari wakawa wananisalimu kwa jina. Lakini kwenda kuwapikia wachimba visima huko mbele ya North Horr, mahali simu inabaki kuwa tochi tu, hilo hata mimi silitaki. Basi tutaandikiana, na Abdiqadir atakuwa posta wetu. Mwalimu aliyenifukuza darasa la saba angeuona mwandiko huu angeniomba msamaha.

Sasa, mwanao. Siku za kwanza alikulilia sana. Shule anaenda, anasoma, lakini jioni anakaa mlangoni na leso yako. Nikajiuliza, mimi ni fundi wa bure? Unajua kazi yangu: betri za magari zilizokufa nazipasua, natoa ile risasi, madini ya kijivu yaliyo laini, nayeyusha, namimina upya, betri inafufuka. Huku wananiita Daktari. Basi nikatengeneza kalibu ya udongo, nikamimina kijisanamu chako, dada, na kitambaa kichwani. Kinatoshea kiganjani mwa mtoto. Halafu nikamimina kukhu, nyanya yetu, na mkono wake ule uliolegea baada ya kiharusi, ili mtoto amjue mzee aliyempa jina.

"Khocha, huyu ni mama?" akaniuliza mimi mjomba wake.

"Ndiye. Mzito vilevile."

Tangu hapo hajalia. Analala naye, anatembea naye, anamlamba kama peremende. Jana kanijia mbio: "Khocha, mama ni mtamu!" Nilicheka mpaka Kasiva akatoka nje kutazama kama nimevamiwa.

Hapa chini ameandika mwenyewe.

Ndugu yako,
Opicho

*Mama mimi nimzima. Nina rafiki. Mitchelle Nasimiyu*


Kambini
18 Februari 2024

Kaka Opicho,

Nimepokea barua yako na harufu ya moshi wa betri juu yake. Niliisoma nikicheka peke yangu jikoni, vijana wa mitambo wakafikiri upepo umenichukua. Upepo wa huku hauna adabu. Unapuliza mchanga ndani ya unga, na mtu anatafuna ugali kwa uangalifu kama anayetafuta kitu kilichopotea. Afya yangu nzuri. Kisima cha kwanza kilikuwa kikavu. Ukiinama juu ya shimo unasikia kama mtu anavuta pumzi huko chini. Wanasema ni hewa. Mimi siinami tena.

Mwambie Mitchelle mama amesoma maandishi yake mpaka karatasi imelegea.

Kaka, usinikasirikie. Hicho kijisanamu changu sawa, asante, una moyo. Lakini kukhu? Mtu amelala zaidi ya miaka kumi, wewe unamwamsha, unamweka kitandani na mtoto aliyebeba jina lake? Mimi sipendi. Mtoe huyo, mweke juu ya kabati.

Na mwanangu bado ana ule mdomo? Bado anauliza kwa nini mwezi unatufuata? Niandikie anayosema, neno kwa neno.

Unaniuliza kupitia Abdiqadir nitarudi lini. Huku jua linachomoza mapema sana.

Dadako,
Nangila


Majengo, Pumwani
3 Machi 2024

Dada yangu,

Huku ni baraka tupu. Mvua bado, maji ya mfereji yanakuja siku yanapopenda. Kasiva amenenepa, ukimwona usimwambie nimesema. Kazi imepanda juu. Siku hizi nayeyushia hapa nyuma ya nyumba, kwa sababu kule kibandani wenye ardhi wana maneno. Ni raha: nikitoka kwenye moto hatua kidogo niko mezani, na Mitchelle ananirukia kabla sijavua koti. Harufu yangu anaipenda. Nani mwingine anaipenda harufu yangu?

Umetaka habari zake neno kwa neno. Amepata adabu, Nangila! Ule mdomo umetulia. Tumbo linamsumbua, hapati choo vizuri, Kasiva akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Mwalimu anadai amesahau herufi alizokuwa anazijua. Mwalimu mwenyewe ana sura ya mtu aliyesahau nyumba yake.

Kuhusu kukhu, nilijaribu kumweka kabatini. Mtoto alikaa chini ya kabati kuanzia chai ya asubuhi, macho juu, hasemi, hali. Nikamrudisha. Sasa anawapanga wote wawili mezani, na hagusi sahani mpaka waanze wao. Nikamuuliza, wataanza lini? Akasema, "Wameshakula." Anatembea polepole, mkono kiunoni, mgongo umeinama. Anakwangua ukuta wa udongo kwa kucha na kula. Kasiva akamchapa kidogo, hakulia. Alimtazama tu, na Kasiva akaomba msamaha. Mtu mzima akaomba msamaha!

Mimi nakwambia kukhu amerudi kututembelea. Ni heshima. Hata mimi mkono wa kulia umeanza kulegea kifundoni kama wake. Nyundo inaniponyoka. Nacheka tu.

Opicho

*Mama mimi ni mzima sana. Ninasoma kwa bidii. Mitchelle*


Kambini
24 Machi 2024

Kaka,

Salamu kwako na kwa Kasiva. Mimi mzima. Kisima cha pili kimetoa maji ya chumvi.

Mwanangu haandiki "ninasoma kwa bidii". Hayo ni maneno ya mtu mzima anayetaka kusifiwa. Na M yako nimeijua tangu tukiwa wadogo, ina mguu mmoja mfupi.

Kwa nini hakuandika mwenyewe?

Nangila


Majengo, Pumwani
14 Aprili 2024

Dada Nangila,

Pasaka ilikuwa tamu. Tulichinja jogoo, mimi nikahubiri kidogo kanisani, mchungaji akaninyang'anya kipaza sauti kwa wivu. Mvua imeanza kwa nguvu, mto umepanda, watu wa kando yake wanahama. Sisi huku juu hatuna shida. Ndolo, jirani yetu Mkamba mwenye kutengeneza viatu, naye anahama na familia yake, anasema anataka kukaa ghorofani kama ndege.

Mtoto alikuwa amelala siku ile, ndiyo maana. Watoto hulala. Sasa hivi pia amelala.

Nitakuambia kitu kidogo, usikifanye kikubwa. Nilimpa kalamu akuandikie. Akaishika, akaitazama pande zote kama hajawahi kuona kalamu. Nikamwambia, "Mwandikie mama." Akanionyesha kile kijisanamu. Shingo imekatika, kichwa hakipo, kimebaki kiwiliwili. Nikamwambia, huyu kavunjika, Khocha atamimina mwingine. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mama yuko ndani. Amesema usimwandikie tena."

Nilicheka, lakini kicheko kilinitoka kibaya.

Abdiqadir amemwona alipokuja kuchukua barua hii. Unajua Abdiqadir, ni mtu wa kuongeza chumvi.

Umesema utarudi lini?

Opicho


Kambini
5 Mei 2024

Opicho,

Mafuriko yalifunga barabara, lori lilikwama wiki nyingi. Abdiqadir amefika jana. Hakushuka kupakua. Alikuja jikoni kwanza, akakaa kwenye gunia.

Akaniambia, "Mama Mitchelle, mimi nina watoto saba na sijawahi kumwogopa mtoto. Huyu wako nilimpa biskuti. Akaitazama mpaka nikaona haya kuishika. Ngozi yake imekuwa kama majivu. Nikamuuliza jina lake, akageuka akamtazama ndugu yako, kama anangoja yeye alikumbuke."

"Na ndugu yangu alisema nini?"

"Alifanya mzaha. Wewe unamjua. Lakini aliniaga kwa mkono wa kushoto."

Sasa niseme nililokuwa sisemi. Kazi yangu huku ilikuwa iishe mwezi wa tatu. Waliniomba nibaki, nami nikakubali bila kukuuliza, kwa sababu barua zako zilisema mtoto ananawiri. Nilitaka kuziamini.

Nakuja na lori hili hili. Barua hii nampa mtu wa gari dogo linalotangulia. Mpeleke hospitali. Si kwa mganga, si kwa mchungaji, hospitali. Kama ni kukhu, hata yeye angoje nje na wagonjwa wengine.

Nangila


Nairobi
12 Mei 2024

Dada yangu wa tumbo moja,

Sijui kama karatasi hii itakukuta kwa ndugu wa Abdiqadir pale Marsabit. Nimemwomba yule mtu wa gari dogo, anayerudi huko, akupe popote mtakapopumzika. Barua yako imefika na tayari tulikuwa hospitali. Kaa chini. Yuko hai. Hilo nimeliweka mbele.

Siku ya Jumanne, wakati wa chai, alianguka. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Kasiva alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani, mimi nyuma na mikono isiyoshika kitu. Mara mbili kabla ya hapo, kwenye zahanati, tuliambiwa malaria. Sasa tukafika hospitali kubwa, akaja daktari mwanamke, mdogo wa umbo, ana macho makali.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mimi pia ni daktari. Wa betri."

Hakucheka, Nangila. Alifungua mdomo wa mtoto akavuta ufizi. Pale meno yanapoota kulikuwa na mstari, buluu iliyoiva, kama umechorwa kwa wino. Akanigeukia: "Fungua wako." Nikafungua. Akaita wenzake waje watazame. Miaka yote hii nimetaka watu wanizunguke, wakanizunguka.

Wakapiga picha ya tumbo. Akaiweka kwenye mwanga. Mbavu za mtoto zilikuwa nyepesi kama moshi. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe kuliko mfupa wowote, cheupe mpaka kinaumiza macho. Kidogo. Kina umbo. Kimevaa kitambaa.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Nikasema, "Ni mama yake."

Akavuta kiti, akakaa. Halafu akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu mlevi. Risasi ni sumu. Ni tamu ulimini, ndiyo maana watoto huilamba. Ile ya kumezwa ilikuwa inayeyuka tumboni kila siku na kuingia kwenye damu. Lakini hata bila ile, moshi wangu, vumbi la koti langu, mikono yangu iliyompa chakula, vyote vilikuwa vinamlisha. Inapunguza damu, inafunga tumbo, inaingia kwenye ubongo na kuzima taa mojamoja. Inampa mtoto hamu ya kula udongo, na udongo wa nyuma ya nyumba yangu una risasi nyingine. Na mkono wangu si kukhu. Ni mishipa ya fahamu.

Nikamuuliza, kiasi kidogo je? Kidogo tu si salama?

"Hakuna kidogo ambacho ni salama, baba."

Wanamwosha matumbo kwa maji ya dawa mpaka kile kichwa kitoke. Njoo.

Opicho


Kimilili
30 Juni 2024

Opicho,

Tulifika salama, na nyumba ya mama haivuji. Mahindi yamesimama vizuri. Ng'ombe amezaa, Mitchelle anapewa kikombe cha maziwa asubuhi na jioni kama daktari alivyoagiza, na dengu, na omena, na mboga za majani, ili damu ipate chuma na mifupa isiwe na nafasi ya kupokea sumu.

Najua unapiga simu. Siipokei kwa makusudi. Sauti yako itanichekesha, na mimi sijawa tayari kucheka. Andika.

Wewe ulifukuzwa wodini siku za kwanza kwa sababu ya nguo zako, kwa hivyo hukuona. Acha nikuonyeshe.

Nilipofika nilimwambia, mimi ni mama. Akanitazama. Akachukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauinua, akaupima. Akasema, "Wewe ni mwepesi." Akauachilia.

Kichwa kilitoka, muuguzi akakiweka kwenye chombo cha chuma, na kilipogonga chini niliruka. Baadaye wakaanza dawa ya kukamata risasi damuni na kuitoa kwa mkojo. Kwanza sindano, kwenye paja, alipiga kelele, nami nikamshukuru Mungu kwa kelele hizo. Halafu vidonge vinavyonuka yai bovu. Risasi damuni ikashuka. Wakasimamisha dawa, ikapanda tena, kwa sababu risasi imejificha kwenye mifupa na inarudi taratibu. Tukaanza upya. Daktari alisema dawa haina maana kama mtoto atarudishwa pale pale palipomtia sumu. Ndiyo maana nilimleta huku.

Anaongea. Sentensi fupi. Kuna maneno yamerudi na mengine anayaendea, anafika karibu, halafu anasimama kama mtu aliyekuta mlango umejengwa ukuta. Nilimuuliza daktari kama yatarudi yote. Alisema tutaona. Mtu mzima akisema tutaona, unajua.

Sikuchukii. Nilijaribu.

Lakini Kasiva ameniambia jambo. Kwamba siku ya Pasaka ulimimina vijisanamu vingine, ukawagawia watoto wa plot, wa wapangaji wenzenu, na wa kanisani, ukipigiwa makofi. Opicho, wako wapi hao watoto? Unangoja nini? Usitie mguu kwangu, usimwone Mitchelle, mpaka kila kimoja kimetoka katika kila mdomo, na kila mama ameambiwa akapime damu. Kwa mdomo wako ule ule mkubwa.

Nangila


Majengo, Pumwani
21 Julai 2024

Dada Nangila,

Salamu kwa mama, kwa ng'ombe, na kwa ndama. Kasiva mzima, damu yake imepimwa, iko juu kidogo, anafuatiliwa. Yangu iko juu kama ghorofa. Ninameza vidonge vile vya yai bovu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe watu wananikimbia kwa sababu halali. Mkono unaanza kuinuka. Moto nyuma ya nyumba nimeuzima. Chumba tumekipangusa kwa matambara mabichi na sabuni, bila ufagio, maana ufagio unarusha vumbi mtu akalivuta. Koti nimelifunga kwenye mfuko nikalikabidhi kwa afisa wa afya, pamoja na udongo wa juu tuliouchimba.

Nilizunguka. Nilianza na mama Odongo, jirani wa mlango wa pili. Akasimama mbele yangu na mwiko.

"Daktari! Leo unatembelea wagonjwa nyumbani?"

"Mama, kile nilichompa mtoto, nirudishie. Ni sumu."

"Si ulisema ni malaika?"

"Nilisema hivyo."

"Mtu anampa mtoto wa wenyewe sumu na kumwita malaika!" Akanigonga na mwiko begani. Wa ugali, bado wa moto. Nikamwambia agonge na lingine, akagonga. Halafu akakaa kizingitini akalia, nami nikakaa naye. Kesho yake tulienda hospitali pamoja, yeye na wengine wengi, mimi mbele kama kiongozi wa bendi, wananizomea njia nzima. Watoto wawili wamelazwa. Wengine wameambiwa warudi kupimwa tena. Kanisani nilisimama nikasema, na safari hii mchungaji aliniachia kipaza sauti mpaka mwisho.

Vyote vilipatikana isipokuwa kimoja. Kile nilimpa mtoto wa Ndolo, na Ndolo alishahamia mtaa wa Pipeline, simu yake haipatikani. Mtu mwingine angesema amejaribu. Mimi nilienda.

Nangila, wewe hujaingia majengo yale. Adhuhuri, jua limewaka barabarani, lakini ukipanda ngazi giza linakulaki ghorofa ya kwanza. Korido nyembamba, milango pande zote, nguo mbichi zinakugusa uso kama mikono. Niligonga mlango baada ya mlango, jengo baada ya jengo. "Ndolo wa viatu anakaa hapa?" Sauti zinajibu kutoka ndani bila mtu kufungua. Hapana. Hapana. Hapana. Siku ya kwanza sikumpata, siku ya pili nikarudi.

Siku ya tatu, ghorofa ya juu, mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo. Nilijua kabla sijagonga. Humo ndani mlikuwa na ule ukimya. Nilishaishi nao, ningeutambua popote.

Kijana wake alikaa sakafuni, miaka minne hivi, uso wa majivu. Shavu moja limevimba kwa kitu. Mama yake aliinuka kutoka kwenye cherehani akanijua, akaanza kufurahi, "Opicho! Karibu, huyu mtoto siku hizi hasumbui kabisa." Nikamwambia yote pale pale, nimesimama. Akajifunika mdomo. Ameshapelekwa, dada, nimempeleka mwenyewe jioni ile, ameanza dawa. Kipimo chake si kibaya kama cha wetu. Tumewahi kidogo. Kwa hivyo sasa vyote vimetoka, na nakuomba ruhusa ya kuja Kimilili. Nitaoga mara ngapi utakavyo. Nitavaa nguo za kuazima.

Lakini kabla hatujashuka ngazi nilipiga magoti nikamwekea mtoto kiganja. Akafikiri sana. Halafu akakitema, kimelowa, cha moto kwa joto la mdomo wake. Kilikuwa na kofia pana na tumbo mbele na kicheko kikubwa nilichokichonga kwa msumari. Nilikuwa nimesahau kwamba Pasaka ile nilijimimina na mimi.

"Huyu ni Opicho," akaniambia. "Anachekesha sana. Lakini ameniambia nisicheke."

Akakitazama kiganjani mwangu. Akanitazama usoni, polepole.

"Na wewe ni nani?"

Dada, unaujua mdomo wangu. Safari hii nilikifumba tu kiganjani. Mama yake alikuwa amekwisha vaa viatu, anatungoja mlangoni, na mimi bado nimepiga magoti.

Opicho